Adrenalini ni bei ya kutupa, tunachouziwa kwa bei ya kuruka ni plastiki na springi

Wakuu,

Nimechoka kuambiwa "nunua kalamu". Kila mwenye mtoto mwenye mzio mkali ameshaisikia hiyo. Unatoka kliniki na karatasi yenye jina la kalamu ya adrenalini, ile ya kubana pajani springi ikafyatua sindano yenyewe. Ukifika famasi unaambiwa haipo. Au ipo, na ukitajiwa bei unauliza mara ya pili ukidhani hukusikia vizuri. Ukimrudia daktari: "Basi mpe vidonge vya mzio, na mwepushe na karanga." Kesi imefungwa, mgonjwa anayefuata aingie.

Vidonge gani jamani? Vidonge vya mzio vinatuliza muwasho na vipele, basi. Havifungui koo linaloziba wala havipandishi presha iliyoporomoka, tena vinachukua nusu saa au zaidi kuanza kazi. Mtu ambaye mwili wake haupatani na sumu ya nyuki hana hiyo nusu saa. Kinachomwokoa ni adrenalini, ichomwe mapema kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Hili madaktari wote wanalijua, na bado wanatuandikia vidonge na kututakia safari njema.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yenyewe si ya ajabu. Jokichi Takamine aliichuja adrenalini mwaka 1901. Hakuna kampuni leo inayoweza kusema molekuli hii ni yake. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na iko kwenye trei ya dharura ya karibu kila wodi. Ampuli moja (kile kichupa cha kioo cha kuvunja shingo) ya mililita 1 ina miligramu 1, na dozi ya mtu mzima ni nusu yake kwa wingi. Ampuli hiyo ni bei ya kutupa. Kinachouzwa ghali ni kopo, yaani kalamu inayoibeba.

Historia ya hilo kopo inatia kichefuchefu. Teknolojia yake ilitoka jeshini, askari wajichome dawa ya kuzuia gesi ya sumu hata wakiwa wamevaa magwanda mazito. Marekani waliipitisha EpiPen, kalamu maarufu kuliko zote, kwa ajili ya mzio mwaka 1987. Mwaka 2007 kampuni ya Mylan ikaichukua biashara hiyo, wakati pakiti ya kalamu mbili ikiwa kama dola 100. Kufika 2016 ilikuwa imepita dola 600. Dawa ileile, kipimo kilekile, miligramu 0.3. Bosi wao Heather Bresch akaitwa mbele ya Bunge la Marekani kujieleza, wabunge wakafoka mbele ya kamera, halafu kampuni ikatoa toleo lake lisilo na jina la biashara kwa dola 300 na kutaka ishukuriwe. Nusu ya wizi nayo ni zawadi siku hizi.

Sasa nije kwenye kinachonichoma hasa, maana kampuni kupenda pesa si habari mpya. Njia ya bei nafuu ipo na wataalamu wenyewe wanaitumia. Kaunti ya King katika jimbo la Washington, Marekani, ilianza mwaka 2014 kuwaondolea kalamu wahudumu wake wa gari la wagonjwa. Badala yake wakapewa kiboksi chenye kichupa cha adrenalini na sirinji iliyowekewa alama ya dozi, pamoja na mafunzo. Bei ya kalamu iliwashinda hata wao, kwenye nchi tajiri! Hawakuambiwa wameze vidonge. Walifundishwa. Mzazi mwenye mtoto anayeweza kuziba koo chumbani kwake anaambiwa nini? "Hiyo ni kazi ya wataalamu, mama." Mgonjwa wa kisukari anajichoma insulini kila siku, na kuna watoto wa shule wanaojichoma wenyewe. Mbona hao hawaambiwi hivyo?

Najua mtaniletea utafiti wa Simons wa 2001, ule ambao wazazi waliombwa wavute dozi ya mtoto mchanga kutoka kwenye ampuli. Ni kweli, walichukua zaidi ya dakika mbili kwa wastani, na dozi zao zilipishana vibaya mno. Siupingi. Mtu anayelia huku mtoto anabadilika rangi hawezi kuanza kuvunja kioo na kuhesabu vijistari. Ila jibu la tatizo hilo si kumpeleka mtu nyumbani mikono mitupu. Jibu ni sirinji iliyojazwa dozi kabla, kliniki au famasi, na kufungwa kwenye kasha gumu lisilopitisha mwanga. Tafiti zimeonyesha kwamba adrenalini iliyovutwa hivyo na kukingwa na mwanga hubaki na nguvu kwa miezi mitatu hivi. Unaandika tarehe juu ya kasha, ikifika unabadilishiwa. Hata ukibadilisha kila baada ya miezi mitatu, hesabu yake haiikaribii bei ya kalamu ambayo nayo inaisha muda ndani ya mwaka mmoja na ushee.

Kwetu sisi aliyetusaidia ni nesi mmoja tu, baada ya wakubwa zake kutupiga chenga. Alitukalisha kwenye benchi akachukua ampuli. Akaigonga shingo kwa ukucha mpaka tone lililonasa juu likashuka, akaizungushia gozi (kitambaa cha kufungia vidonda), akaivunja kwa kuisukuma upande usiomwelekea. Tik. Akavuta kwa sirinji ya mililita moja, akaielekeza sindano juu, akaipiga vidole mpaka kiputo cha hewa kikapanda, akasukuma taratibu hadi kwenye alama. Alama yenyewe alikuwa ameishaizungushia utepe mwekundu, ili mwenye mikono inayotetemeka asianze kusoma namba. Kisha akatuachia sisi turudie kwa maji ya sindano. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Ndicho kitu ambacho kliniki nzima ilidai hakiwezekani kwa watu wa kawaida!

Na kuna jambo ambalo wauza kalamu hawalitangazi. Dozi inahesabiwa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kilo. Mtoto wa kilo saba na nusu anahitaji miligramu 0.075, wakati kalamu ndogo iliyozoeleka ina 0.15, yaani mara mbili. Mtu mzima naye mwongozo wa Uingereza unampa 0.5, na EpiPen ya wakubwa ina 0.3. Sirinji inampa kila mtu kipimo chake. Kalamu inampa kila mtu kipimo cha kiwandani.

Sisemi kalamu ni mbaya, msinilishe maneno. Mwenye uwezo anunue, ni ya haraka na haihitaji utulivu. Ninachokataa ni kuambiwa kuna kalamu au kifo, hakuna katikati. Dawa ya kunyunyizia puani nayo, neffy, Marekani wameipitisha Agosti 2024. Safi, haina sindano. Lakini kwa walio wengi duniani bado ni habari ya kusoma tu, maana hata kalamu zenyewe hazipatikani katika nchi nyingi.

Na nyie mnaopenda kumalizia kila uzi kwa "nunua ampuli ujichome mwenyewe, mbona rahisi", kaeni pembeni. Adrenalini huja kwa nguvu tofauti. Ipo ya miligramu 1 kwa mililita, na ipo iliyozimuliwa mara kumi ambayo hospitali huichoma kwenye mshipa. Ukichanganya hizo, au ukaipeleka kwenye mshipa badala ya msuli, unaweza kuuparaganya moyo wa mtu. Dozi iandikwe na daktari, alama iwekwe na mtaalamu, mazoezi yafanywe mbele yake. Ndiyo maana nawagombeza wao na si famasi ya mtaani. Wanataka tusijifundishe wenyewe, sawa, basi watufundishe!

Kwa hiyo nauliza bila kuremba: ni nani humu aliyepewa sirinji iliyojazwa kabla, kwa maandishi ya daktari na mafunzo? Mlimwombaje hadi akakubali? Manesi na wafamasia mliomo humu, nani anawazuia? Ni mwongozo, ni woga wa kushtakiwa, au ni uvivu? Semeni wazi.

NYONGEZA: Naona maswali yanajirudia, nijibu kwa pamoja.

Kuhifadhi sirinji: kwenye friji hapana, wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto la kawaida la chumba, gizani. Kimiminika kikigeuka cha waridi au kahawia, au kikiwa na chembechembe, hakifai.

Kalamu iliyopita muda: kama huna kingine kabisa na dawa ndani bado ni angavu, ni bora hiyo kuliko hakuna. Mwaka 2018 zilipoadimika, mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe iliongeza muda wa baadhi ya shehena kwa miezi minne. Lakini usiitegemee kwa makusudi.

Pampu ya pumu haichukui nafasi ya adrenalini. Maziwa na mkaa ndio kabisa, msiniletee.

Na ukishachoma, mtu alale, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida akae. Asipopata nafuu ndani ya dakika tano hivi, dozi ya pili inaruhusiwa, kwa hiyo kasha liwe na sirinji mbili. Mkimbizeni hospitali hata kama ameanza kutabasamu, kwa sababu mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Hilo la kumsimamisha na kumtembeza "apate hewa", ambalo naona linashauriwa tena kwenye maoni hapo chini, acheni mara moja. Presha ikiwa imeshuka, kumsimamisha tu kunaweza kumuua.