Tupeane uzoefu: Waandishi, sifa za msomaji zilikukuta wapi bila wewe kuzitarajia?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu waandishi, nawasalimu. Natanguliza langu, nanyi mtoe yenu.

Mwaka 2014 nilichapisha riwaya yangu ya kwanza kwa fedha zangu mwenyewe, nakala 1,000. Nilichukua namba ya ISBN Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohammed, nikazunguka maduka ya vitabu nikiacha nakala tano hapa na kumi pale kwa mali kauli, na baada ya miaka mitatu maboksi manane yalikuwa bado chini ya kitanda. Hakuna aliyenipigia simu isipokuwa shemeji yangu, ambaye aliuliza kama yule mlevi wa sura ya pili ni yeye. (Hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake.)

Mwaka 2019, nikiwa Morogoro kwa msiba, niliingia steshenari moja karibu na chuo ili nitoe kopi ya cheti. Juu ya kaunta palikuwa na rundo la vitini vilivyobanwa kwa spairo, na kwenye kimoja nikaona jina langu. Riwaya nzima ilikuwa imetolewa kopi, jalada limekuwa jeusi kwa wino uliozidi, na kijana wa dukani akanieleza kwa fahari kwamba hiyo ni ya kuazimisha, shilingi 200 kwa siku. Nilipandwa na hasira. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwa upande wangu, na maneno ya kumwambia yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni. Lakini nilipofunua ndani niligundua kwamba aliyetoa kopi aliruka mahali pamoja, hivyo kurasa za 92 na 93 hazikuwamo. Badala yake palikuwa na karatasi ya daftari iliyobandikwa kwa gundi, ambamo mtu alikuwa amenakili kurasa zote mbili kwa kalamu ya bluu, kila nukta na kila mkato mahali pake. Mtu huyo alikwenda kukitafuta kitabu chenyewe, sijui wapi, kwa ajili ya kurasa mbili ambazo angeweza kuzikisia. Chini kabisa aliandika: “Wenzangu, msiruke hapa. Hapa ndipo Mwanaidi anaposamehe, na mwandishi hakulitumia neno hilo hata mara moja.”

Nilihangaika na kurasa hizo miezi minne kwa ajili ya jambo hilo hilo. Mhariri wangu hakuliona.

Mchangiaji, Machakos

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Mwaka mmoja nilikuwa nikisahihisha insha za mtihani wa majaribio kutoka shule jirani, na mtahiniwa mmoja alianza hivi: “Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kivuli cha mbuyu hakina mwenyewe.” Nikaiweka kalamu chini. Wahenga hawakuwahi kunena hivyo. Nilinena mimi, kwa kinywa cha mzee mmoja katika riwaya yangu, usiku ambao stima ilikuwa imepotea na nilikuwa nikiandika kwa mshumaa. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu, naye akaniambia bila kusita kwamba methali hiyo aliisikia kwa nyanya yake tangu utotoni. Sikubishana naye, kwani sidhani nitasifiwa tena kwa kiwango hicho. Mtahiniwa alipata 17 kwa 20, na naapa kwamba alizistahili kwa mambo mengine pia.

Mchangiaji, Tanga

Yangu ni fupi. Nilikuta riwaya yangu katika maktaba, nikafunua nyuma kutazama karatasi ya tarehe za kurudisha. Ilikuwa na mihuri saba. Mitatu ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nikiiazima ili isionekane imesahaulika. Minne iliyobaki, iliyofuatana ndani ya miezi miwili, bado naihesabu kuwa tahakiki bora niliyowahi kupata.

Mchangiaji, Arusha

Dada mwanzisha mada, usituache njiani. Yule kijana wa steshenari ulimfanya nini?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Sikumfanya kitu, kaka. Nilipomwambia kwamba mwandishi ni mimi hakuamini, mpaka alipolinganisha jina na lile la kwenye cheti. Nilimwomba aniuzie kitini kile, akakataa, kwa kuwa watu watatu walikuwa kwenye foleni ya kukiazima. Wiki iliyofuata nilirudi na nakala tano halisi kutoka chini ya kitanda, nikampa, naye akanikabidhi ile yenye karatasi ya daftari. Nikiwa mlangoni akaniita: nilikuwa sijalipa shilingi 4,000 za kopi na spairo. Nikalipa.