Tupeane uzoefu: Kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wa China kusikiliza na kusoma Kiingereza

Mswahili wa Wuhan

Ndugu wachangiaji, nafungua mada hii kwa ajili ya wale walioishi China na kuwahi kukaa meza moja na mwanafunzi anayejiandaa na Gaokao, yaani mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ambao huanza tarehe 7 Juni kila mwaka. Kiingereza kina alama 150, sawa na Kichina na hisabati. Katika karatasi ya kitaifa inayotumika katika mikoa mingi, kusikiliza kuna alama 30 na kusoma kwa ufahamu kuna alama 50, kwa hiyo zaidi ya nusu ya alama huamuliwa kabla mtahiniwa hajatunga hata sentensi moja ya kwake. Naomba tuelezane tulichokiona wenyewe: ni wapi vijana hawa hukwama, na ni nini kiliwasaidia. Masuala ya viza na ajira tuyaache, kwani tumeshayajadili vya kutosha kwingine.

Naanza mimi. Nilipokuwa masomoni Wuhan, mmoja wa walimu wangu aliniomba niwe nakaa na mwanawe Jumapili mchana, kwa kuwa alama zake za kusikiliza zilikuwa zikiburuta alama nyingine zote. Kijana yule alikuwa na daftari la msamiati wa mtaala, maneno yapatayo 3,500, na ukimwonyesha neno lolote lililoandikwa alikupa maana yake papo hapo. Ukilitamka neno lilelile katikati ya sentensi, alikutazama tu. Silabi za Kichina sanifu karibu zote huishia kwa irabu, au kwa n na ng. Ndiyo maana t, k na d za mwisho wa neno la Kiingereza, hasa zinapomezwa na neno linalofuata, zilimpita bila yeye kujua kwamba kulikuwa na kitu. Sisi wenye lugha ya silabi wazi hatuna haki ya kumcheka.

Kilichomsaidia ni imla ya kizamani. Nilikuwa nikimwekea sentensi moja kutoka katika mitihani iliyopita, anaandika alichosikia, tunalinganisha na maandishi, kisha anaisoma kwa sauti sambamba na msemaji hadi wanaenda pamoja. Kazi hiyo ilichosha, na kuna Jumapili hatukuvuka sentensi chache, lakini baada ya muda alianza kunieleza mwenyewe ni sauti gani imemezwa na wapi.

Mama Wawili, Changsha

Kaka, nakubaliana nawe kuhusu masikio, ila nyumbani kwetu tatizo lilikuwa muda. Mume wangu ni mwenyeji wa huku, na binti yetu mkubwa ameshaupita mtihani huo, kwa hiyo nimeusikia ukisomwa sebuleni mpaka nikaukariri. Sehemu ya kwanza ina mazungumzo mafupi matano, kila moja linasomwa mara moja tu, na baada yake mtahiniwa hupewa sekunde 10 za kujibu na kutupia macho swali linalofuata. Sehemu ya pili ina mazungumzo marefu zaidi yanayosomwa mara mbili, na kila swali hupewa sekunde 5 za kulisoma kabla sauti haijaanza. Sekunde 5 ni chache mno kwa mtoto anayesoma swali pamoja na majibu matatu ya kuchagua.

Mwalimu wao aliwafundisha jambo ambalo naona ndilo lililomwokoa. Mwanzoni mwa kanda kuna maelekezo, kisha swali la mfano kuhusu bei ya shati, ambalo jibu lake ni C, pauni 9 na peni 15. Mfano huo umerudiwa miaka nenda miaka rudi hadi kila Mchina aliyepita sekondari anaujua. Wakati sauti inaendelea na shati hilo, binti yetu alikuwa ameshaanza kupitia maswali ya mbele, anapigia mstari nani, wapi na lini, na anajiuliza ni taarifa ya aina gani anapaswa kuingojea.

Jambo la pili alilofundishwa ni kuachilia. Swali la mazungumzo mafupi likikupita, weka alama yoyote na usonge mbele, kwa sababu anayebaki akilisikitikia hupoteza na linalofuata.

Subira, Beijing

Salamu zenu. Mimi ni Mchina niliyesoma Kiswahili chuo kikuu, na Gaokao niliifanya mwenyewe, kwa hiyo nitasema kama mtahiniwa. Hapa Beijing utaratibu ni tofauti: tangu mwaka 2021, kusikiliza na kuzungumza hufanywa kwa kompyuta, kwa alama 50 kati ya 150, na mwanafunzi hupewa nafasi mbili kisha huhesabiwa alama iliyo ya juu.

Ningependa kuongeza kuhusu kusoma, maana naona mmekugusa kidogo tu. Wengi wanadhani tunashindwa kwa sababu ya maneno magumu, na ni kweli kwamba kifungu cha mwisho, ambacho mara nyingi huhusu sayansi au jamii, huwa na maneno yaliyo nje ya mtaala. Kwa uzoefu wangu, kizuizi kikubwa zaidi kilikuwa mpangilio wa sentensi. Kichina huweka maelezo yote kabla ya jina (nomino), hata yakiwa marefu kiasi gani, ilhali Kiingereza hulitaja jina kwanza kisha maelezo hufuata, pengine mistari miwili, kabla kitenzi kikuu hakijatokea. Nikifika kwenye kitenzi nilikuwa nimeshamsahau mtendaji. Mwalimu wetu alituagiza tuyafunge maelezo hayo ndani ya mabano kwa penseli na kusoma kwanza kilichobaki nje, na mazoezi hayo yalinifaa zaidi ya orodha yoyote ya msamiati. Nilipoanza Kiswahili na kukutana na “mtu aliyekuja jana”, sikupata taabu, kwa kuwa nilikwisha kuzoea jina kutangulia.

Kuhusu imla, Mswahili wa Wuhan, naiheshimu, lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu huwa darasani tangu asubuhi na mapema hadi kipindi cha kujisomea usiku. Ifanyike mwaka wa kwanza. Mwaka wa mwisho hauna nafasi.

Mswahili wa Wuhan

Dada Subira, hapo sina pingamizi. Kijana wangu alikuwa na bahati ya kuanza mapema. Naomba Mama Wawili atueleze kama binti yake alifanya mazoezi kwa kutumia visikilizio vya masikioni, maana yule wangu alinitajia kwamba katika chumba cha mtihani sauti ilikuwa tofauti kabisa.

Mama Wawili, Changsha

Mwanzoni alitumia visikilizio, kisha baba yake akavificha. Huku kwetu sauti hutoka katika kipaza sauti cha ukutani, na hata kama magari yamekatazwa kupiga honi karibu na shule siku hiyo, chumba kina viti vinavyolia na watu wanaokohoa. Tukawa tunamwekea kanda sebuleni kwa spika ndogo, dirisha wazi, mdogo wake akiendelea na michezo yake, naye amekaa upande wa pili wa chumba.