Wauza tairi za Prado, mnatuuzia kasi na sisi tunapita mawe!

Wanajamvi salaam. Nina hasira na leo sitaimeza.

Kazi yangu ni kupeleka wageni kutoka Malindi hadi Tsavo Mashariki, kwa Prado, naingilia geti la Sala. Nilinunua tairi nne mpya za bei ya juu kwa muuzaji mmoja wa Mombasa, zile anazozisifu kuwa ni za "SUV ya mwendo". Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba gari huingia mbugani. Akasema hakuna shida, hizi ndizo babake tairi. Sasa mbili zimetoka uvimbe ubavuni na ya tatu imepasuka kandokando ya Galana, wageni wakiwa ndani, jua la saa saba. Nimerudi na risiti, jibu nililopewa ni kwamba dhamana haihusu uharibifu wa barabara.

Hiyo dhamana ungenisomea kabla hujapokea pesa yangu!

Kilichonikera kuliko vyote ni ile karatasi yake ya kulinganisha tairi. Safu ya kwanza ni herufi ya kasi: H ni kilomita 210 kwa saa, V 240, W 270, Y 300. Kadiri herufi inavyopanda na bei inapanda, naye anakueleza kama kwamba Y ndiyo imara zaidi. Uongo. Herufi hiyo inasema tairi itahimili kasi gani ikiwa imebeba mzigo wake, basi. Haisemi lolote kuhusu ubavu kugongana na jiwe. Nani hapa Pwani atakwenda 300? Ya maana kwetu ni namba inayotangulia herufi. Kwa Prado yangu ni 110, maana yake kila tairi inabeba kilo 1,060. Hiyo kwenye karatasi yake haipo kabisa, na watu tunapakia wageni saba, maji, mafuta ya akiba na mizigo juu ya keria.

Safu nyingine ni namba ya kulika, ile inayochapwa ubavuni baada ya neno TREADWEAR: 300, 400, 500. Akaniwekea tairi za viwanda tofauti na kutangaza mshindi. Namba hiyo ni ya Kimarekani. Tairi huzungushwa kwa msafara barabarani huko San Angelo, Texas, kilomita zipatazo 11,500, kwenye lami, zikilinganishwa na tairi ya kipimo iliyopewa 100. Halafu kiwanda chenyewe ndicho kinachoamua kitaandika namba gani. Ndani ya kiwanda kimoja inasaidia kulinganisha. Baina ya viwanda viwili, tahadhari. Kwenye kokoto za Tsavo ndiyo usiseme.

Alama ya Ulaya ya kushika barabara iliyolowa, A mpaka E, hiyo naiheshimu. Wanapima gari linavyofunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20 kwenye lami yenye maji. Mvua ya Mei ikishuka kati ya Gede na Kilifi, utaitaka A. Lakini tazama tena: ni lami.

Sivilaumu viwanda, ndiyo maana sitaji jina la tairi niliyouziwa. Chukua Michelin Pilot Sport 4 SUV, Pirelli Scorpion Zero au Bridgestone Alenza 001: ni tairi za heshima, gari linatulia, kona linaishika. Zimeundwa kwa barabara ya lami. Anayeshinda kati ya Malindi na Mombasa anunue kwa roho safi. Mwenye kuingia mbugani, au kwenye vijia vya mawe ya matumbawe huku Watamu, anataka tairi ya aina ya BFGoodrich KO2, yenye ubavu mgumu na meno makubwa. Ndiyo, ni nzito, inavuma, inakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa haifungi breki kama zile. Haya ndiyo maelezo ambayo muuzaji mwaminifu angenipa kwa dakika mbili.

Na ubavu ukishavimba hauna fundi. Pancha ya kwenye meno inazibwa, ya ubavuni ni kutupa tairi.

Bado kuna tarehe. Nilipoinama kuangalia zile tarakimu nne mwisho wa mstari wa DOT, ule wa ubavuni unaoonyesha tairi ilitengenezwa lini, nikakuta 1121: wiki ya 11, mwaka 2021. Risiti yangu ni ya 2025, na imeandikwa "mpya". Kwa joto letu hili tairi inazeeka hata ikiwa stoo! Kwa nini nilipe bei kamili ya mzigo uliolala miaka minne?

Ninachodai ni kimoja: zile tatu zibadilishwe kwa tairi za mwaka huu zinazofaa kazi niliyomtajia, au anirudishie pesa. Picha za uvimbe, tarakimu na risiti ninazo, na nikikataliwa mara ya pili nazipeleka mahakama ya madai madogo.

Mliouziwa hivi wekeni hapa saizi na tarakimu za DOT, tuone kama ni mzigo mmoja. Na ndugu zangu wa Lamu mnaotoka Mokowe mkaingia Hindi hadi njia ya Kiunga, mnafunga tairi gani, na ubavu unakaa muda gani?