Mrejesho: Admini aliyefuta onyo langu

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama ni haki admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu kufuta onyo langu kuhusu jamaa anayetangaza "weka elfu 50, vuna laki 2 kwa siku tatu", huku tangazo lenyewe likiachwa.

Mlinishauri niripoti. Niliripoti kwa WhatsApp wenyewe. Wanapelekewa jumbe tano za mwisho, na aliyeripotiwa haambiwi. Namba ya jamaa bado iko hewani.

Kilichosaidia ni kumpigia admini, mzee wetu mstaafu. Baada ya shikamoo nikamuuliza. Kumbe alipokea malalamiko manne, yote dhidi yangu! Jamaa aliwapanga wenzake waseme namchafua. "Mwanangu, niliona wamekuwa wengi wanaolalamika, nikafuta." Yaani alihesabu vichwa, ujumbe hakuusoma. Nikamtumia picha za skrini za jirani aliyetuma hela na kisha kuzuiwa. Akanyamaza kidogo. Jioni tangazo likafutwa, jamaa akatolewa.

Ila nami admini alinikalia kooni: kumwita mtu TAPELI kwa herufi kubwa, na jina lake kamili, kabla sijamwonyesha yeye ushahidi. Hapo namkubalia nusu. Onyo nimelituma upya bila jina.

Sasa ameongezwa admini wa pili, mama wa duka la dawa, na huyo husoma kila kitu, hata vichekesho. Elfu 50 ya jirani haijarudi. Jumatatu tunakwenda naye polisi.