Mjadala: Mchawi wa kwenye riwaya za mapenzi na bibi wa Usukuma mwenye macho mekundu

Mtoa mada (Nyegezi)

Wadau wa Kanda ya Ziwa habari zenu, naomba tujadili hili bila matusi. Nimemaliza vile vitabu vitatu vya Deborah Harkness vinavyoanza na A Discovery of Witches, cha kwanza kilitoka 2011, cha pili 2012, cha tatu 2014, na wengi nadhani mmeona tamthilia yake iliyoanza 2018. Kwa ambaye hajui, kuna dada anaitwa Diana Bishop, profesa wa historia, mchawi wa kuzaliwa ila uchawi wenyewe hautaki kabisa, siku moja yuko maktaba ya Bodleian pale Oxford anaagiza mswada wa zamani unaitwa Ashmole 782, anaufungua, kumbe wachawi wenzake na wanyonya damu wameutafuta miaka na miaka hawaupati. Hapo ndo anatokea Matthew, mnyonya damu wa miaka 1500, mapenzi yanaanza na sheria yao inakataza mchawi na mnyonya damu kuwa pamoja, sa unajua tena kikishakatazwa kinavyokuwa kitamu.

Nisiwe mnafiki, nimevipenda. Dada anajua mambo yake maana mwenyewe ni mwanahistoria kweli wa chuo kikuu, na huo mswada Ashmole 782 upo kwenye orodha ya maktaba ile na kweli haujulikani ulipo, hajautunga. Cha pili kinawarudisha London ya 1590, pale nililala saa nane usiku kesho yake kazini macho yamevimba. Matthew ndo alinichosha, anaingia chumbani kwa mtoto wa watu usiku anakaa anamwangalia amelala af tunaambiwa eti ni mapenzi, angejaribu hayo Mabatini angeamkia kituoni. Na kitu kingine kiliniuma, wazazi wa Diana wanauawa wakiwa Nigeria, yani vitabu vinazunguka Oxford, Ufaransa, Marekani, London, Prague, Afrika inatajwa kama sehemu ya kwenda kufia.

Ila mada yangu siyo hiyo. Diana anaambiwa ni wa ukoo wa Bridget Bishop. Huyu siyo wa kutungwa, ni mama aliyeishi kweli, ndo wa kwanza kunyongwa kwenye kesi za uchawi kule Salem, Massachusetts, Marekani, tarehe 10 Juni 1692. Walinyongwa watu 19, wanawake 14 wanaume 5, na mzee mmoja wakamwekea mawe kifuani mpaka akafa. Bridget aliwahi kubaki mjane, mume alikufa bila wosia mali ikabaki kwake, haikuchukua muda akashtakiwa uchawi mara ya kwanza, akaponea, miaka kama 12 baadae wakamrudia. Mbele ya mahakimu alisema hana hatia na hata mchawi ni kitu gani hajui. Jimbo la Massachusetts limekuja kumsafisha kwa jina lake 2001, miaka mia tatu na kitu mama wa watu ana jina la mchawi.

Sasa kitabu kinakuja kinasema kumbe kweli alikuwa mchawi. Ni mchawi mzuri, wa kupendeza, mjukuu wake profesa, lakini ni mchawi. Yani waliomnyonga hawakukosea mtu, walikosea tu kumchukia.

Msomaji wa Uingereza hilo halimsumbui. Mimi wa Mwanza lilinigoma kooni, maana hiyo habari ya mjane mwenye kashamba na jirani mwenye maneno tunaijua bila kwenda Salem, iko Misungwi, Kwimba, Magu, Geita, Shinyanga, mabibi wanasingiziwa uchawi wanakatwa mapanga. Swali langu: ni sawa kuwageuza watu waliouawa kwa kusingiziwa kuwa wachawi wa kweli kwa ajili ya hadithi ya mapenzi, na sisi wa huku tuzisambaze tu hizi hadithi bila kusema kitu?

Ngosha wa Igoma

Mayu umeenda mbali sana. Hakuna mkata mapanga hata mmoja aliyekaa chini akasoma Kiingereza kurasa zaidi ya mia tano halafu ndo akaenda kumuua bibi wa watu. Yule amelipwa. Anamlipa mtoto wa marehemu au shemeji anayetaka eneo, na anayempa jina la kusingizia ni mpiga ramli. Ukitaka kupiga kelele piga kwa hao, Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku ya wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya wenye ualbino, mbona mabango yao ya kusafisha nyota na kurudisha mpenzi bado tunayaona barabarani? Acha watu wasome mapenzi yao.

Mlokole wa Nyakato

Uchawi ni uchawi, mzuri haupo. Kutoka 22:18 inasema usimwache mwanamke mchawi kuishi, someni wenyewe. Vitabu vya hivi ni mlango.

Ngosha wa Igoma

Mtumishi na wewe ndo walewale, mstari huohuo ndo waliokuwa nao mkononi kule Salem wakati wananyonga.

Mwanachuo Malimbe

Mi nasoma fasihi naomba niweke neno. Kwanza hadithi za maajabu siyo za Wazungu peke yao, Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze ameweka majini na ndugu wawili wamegeuzwa manyani, hakuna aliyesema mzee anatangaza ushirikina, tumeisoma shuleni. Pili, mtoa mada umemwona Bridget hujamwona Diana. Mchawi wa Bongo movie ni nani? Siku zote bibi kizee, kijijini, kaniki nyeusi, hana meno, usiku yuko makaburini. Tumelishwa hiyo sura toka watoto. Huyu mwandishi amechukua neno lilelile akampa mwanamke msomi, ana hela yake, anapendwa, na mwisho wa siku ndo shujaa. Nikilinganisha naona Bongo movie zinaua kuliko hicho kitabu, kwa sababu yule bibi wa kwenye filamu anafanana kabisa na bibi yangu na bibi yako. Diana hafanani na mtu yeyote huku hata akisingiziwa nani ataamini.

Mtu wa Bariadi

Afadhali mmegusa. Mi natoka karibu na Gamboshi. Nikitaja tu natokea wapi, iwe Buzuruga stendi iwe ofisini, utasikia eeh bwana wewe wa makao makuu ya wachawi usituroge, usiku huko kwenu si kunageuka mji una magorofa na mataa. Watu wanacheka, nami nacheka, nifanyeje. Ila kule ni kijiji cha watu wanalima pamba na kufuga, na kuna binti anakataliwa kuolewa kwa sababu ya jina la kijiji, sijui kama mnanielewa. Kwa hiyo mtoa mada niko na wewe robo tatu. Utani wa uchawi unanoga kwa asiyetoka Gamboshi.

Mama wa Buswelu

Mimi hivyo vitabu sijavisoma na Kiingereza cha kusoma kitabu kizima sina, ila niwaambie la kwangu maana naona mnaongelea mabibi kama vile hawapo. Mama mkwe wangu alikuwa kijijini huko ndani, mjane, amepika jikoni miaka yote na kuni, kuni zikiisha mavi ya ng'ombe makavu maana kule miti iliisha zamani, jiko lenyewe halina dirisha, na vikope alikuwa navyo toka ujana, macho hayo mekundu utafikiri amelia usiku kucha, na kule macho mekundu ndo wanasema alama ya mchawi. Mtoto wa jirani akafa kwa degedege. Kikafuata kikao ambacho yeye hakuitwa, af akaja mtu akamwambia kwa heshima zote mama kama una watoto mjini wafuate. Kwa heshima zote! Tukamleta Buswelu usiku na gunia moja. Yuko hapa, tulimpeleka hospitali ya Bugando akapimwa macho akapewa dawa yakatulia, sasa hivi anawachambia wajukuu mchele. Shamba lake linalimwa na mtu ambaye wote tunamjua na hatusemi. Hakuna aliyekuwa amesoma kitabu pale. Lakini hakuna hata mmoja pale, hata mwalimu, hata yule wa dini, aliyesimama akauliza swali moja tu, kwani uchawi wenyewe upo? Wote walikuwa wanabishana kama ni yeye au siyo yeye.

Ngosha wa Igoma

Pole sana mama. Na hao sungusungu tunaowasifia kwa kurudisha ng'ombe walioibwa, miaka ile ya themanini nao wamewachapa na kuwatenga mabibi wengi tu kwa jina hilohilo, wazee wetu hawapendi kulisema.

Mtoa mada (Nyegezi)

Mama wa Buswelu umesema nilichokuwa nakitafuta maneno siku zote hizi, asante, msalimie bibi.

Mwanachuo, hoja ya Bongo movie nakubali asilimia mia, ila haiondoi yangu. Bongo movie inasema bibi ni mchawi mbaya. Harkness anasema bibi ni mchawi mzuri. Mi nataka mtu wa tatu anayesema bibi alikuwa bibi tu. Mnaona kwenye kile kikao cha kijijini alichosimulia mama, mwandishi wa mapenzi angeingia pale angewaambia jamani msimfukuze, uchawi wake hauna madhara. Ungemsaidia nini huyo mama mkwe?

Na Ngosha, sijasema vitabu ndo vinaua, nimeuliza kama ni haki. Marehemu naye ana haki ya jina lake. Sheria ya Uchawi aliyotuachia Mwingereza toka 1928 ipo mpaka leo na yeye kwao alishafuta ya kunyonga wachawi mwaka 1735, yani kwao mambo yameisha ndo maana wanaweza kuyafanyia mapenzi. Sisi hayajaisha.

Mwanachuo Malimbe

Sawa dada, sa ungekuwa wewe ndo mwandishi ungefanyaje? Maana ukimtoa uchawi Bridget hadithi haipo.

Mtoa mada (Nyegezi)

Ipo. Diana namwacha na uchawi wake wote, mvua, upepo, moto, huyo ni wa kutungwa. Ila uchawi wake autoe upande mwingine wa ukoo, na Bridget awe mama wa kawaida aliyekuwa na maneno makali na kaeneo kazuri. Yani Diana aje kugundua kwamba wachawi wa kweli walikuwepo pale Salem, hakuna hata mmoja aliyekamatwa, na wote walikaa kimya wakati majirani zao wananyongwa. Hapo mimi ningesoma hata vitabu kumi, na Matthew wake anayechungulia watu wakiwa wamelala ningemvumilia.

Ngosha wa Igoma

Hiyo sasa siyo ya mapenzi, hiyo ni kesi. Haiuzi.

Mtu wa Bariadi

Mi ningenunua. Af iandikwe ya Gamboshi, pamba, ng'ombe, na mapenzi yawepo, kwani sisi hatupendani?

Mama wa Buswelu

Andika wewe dada. Kwa Kiswahili ili na mimi nisome.