Tupeane uzoefu: siku kifaa cha kura kilipokugomea

Binti wa Majani Chai
Leo zahanatini mashine ya alama za vidole imemkataa mama, nikakumbuka uchaguzi wa Kenya, Agosti 2022. Amechuma chai maisha yake yote, vidole vimelainika. Karani alijaribu vyote kumi, KIEMS, kile kifaa cha kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, ikagoma. Mwishowe alitafutwa kwa nambari ya kitambulisho, akapiga kura, lakini alitoka analia. Nyinyi je?

Mvuvi
Baba yangu vilevile.

Karani 2013
Darasa letu halikuwa na umeme. Betri zilizima asubuhi tu, tukarudi kwenye daftari la karatasi, rula na kalamu.

Msimamizi
2017, kituo ambacho simu inashika ukipanda kilima tu. Tulimaliza kuhesabu saa nne usiku, mawakala wa vyama wakatia saini fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Nikaingiza nambari, nikapiga picha ya fomu kwa mwanga wa tochi, nikatuma. Wapi! Nikasema twende kilimani. Wakala mmoja akakamata mkanda wa kifaa: "Hakitoki hapa bila mimi." Tukapanda sote, askari nyuma, fomu nimeikumbatia kifuani. Kule juu nambari zilienda, picha ikakataa. Nilijaribu hadi saa tisa. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais Septemba 1, nilikaa kitandani nikitetemeka. Fomu yangu ilikuwa sahihi, kila tarakimu.

Mlinda Kura
Kumbe ni nyinyi! Nambari bila fomu ni uvumi.

Karani 2013
Mwache. Mahakama iliagiza seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, hazikufunguliwa ilivyotakiwa. Hilo ni la msimamizi wa kijijini?

Mlinda Kura
Sawa, lakini uchungu ninao. 2022 fomu ziliwekwa kwenye tovuti, nikazishusha za wadi yetu nzima nikajumlisha mwenyewe. Usiku huo nililala. Pigeni picha fomu inayobandikwa mlangoni, mlinganishe.

Mama Pacha
Picha bila wakala aliye macho ni kazi bure. Na wazee wapakwe mafuta vidoleni usiku wa kuamkia kura.

Mvuvi
Mafuta? Yatachafua kioo! Maji vuguvugu, kisha akaushe.

Binti wa Majani Chai
Msimamizi, fomu ilifikaje?

Msimamizi
Kwa mkono, alfajiri, hadi kituo cha kujumlishia. Tochi alinishikia yule wakala wa mkanda.