Mjadala: Je, kunguru wa Mombasa wauawe kwa sumu?

Ndugu aliyefungua mjadala huu ametuuliza kwa nini tumuue kwa sumu ndege anayekula taka tulizotupa wenyewe, akadai kwamba mji ukisafishwa kunguru watapungua bila kuguswa. Nusu ya hoja yake naikubali, kwani kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu haishi mbali na binadamu, na aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia hiyohiyo ya kuondoa taka, kisha akaonekana Mombasa mwaka 1947.

Nusu ya pili naikataa kwa niliyoyaona uani kwetu Kisauni. Kwera walikuwa wamefuma viota kwenye makuti ya mnazi, na asubuhi moja kunguru alining'inia kwenye kimojawapo, akapenyeza mdomo tunduni na kutoa kinda moja baada ya jingine, huku wazazi wakimzunguka kwa kelele. Jaa la mtaa lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, limefurika. Kwa hiyo si njaa ya taka iliyompandisha mnazini.

Mchangiaji mwingine amesema kwamba kama ugeni ni kosa, basi na mwembe ung'olewe, kwa kuwa asili yake ni Bara Hindi. Ugeni si kosa. Mwembe haujamaliza mayai ya ndege wengine wala vifaranga vya kuku wetu.

Hofu ya sumu naielewa. Starlicide, sumu ya kuulia ndege ambayo iliwahi kutumika hapa pwani, huvunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, ndiyo maana hatari kwa paka anayeokota mzoga ni ndogo. Hata hivyo isiachiwe kila mwenye nyumba: wataalamu hutangulia kuweka nyama isiyo na sumu kwa siku kadhaa, ili wajue ni ndege gani wanaoijia, na kazi hiyo haitaki haraka. Serikali ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inakusudia kuwapunguza kunguru milioni moja, sisi wakazi tulipaswa kuelezwa siku za kutega na nani angeokota mizoga, na bado tunastahili kuelezwa.

Taka ziondolewe pia, tena kila siku. Lakini naomba mnaopinga sumu mnijibu: hadi mji utakapokuwa safi, makinda ya msimu huu tutayalinda vipi?